Tochi Ndogo ya LED Isiyowaka: Mwongozo Kamili wa Kuitafutia Hitilafu na Kuitengeneza

Tochi ya LED inapokataa kuwaka, kitu cha kwanza kushutumiwa huwa ni taa yenyewe, na mara nyingi taa huwa imeonewa. Mazoea hayo tumeyarithi kutoka zama za globu, ambapo uzi mwembamba ndani ya kioo ulikatika kwa kuanguka kidogo tu au kwa kuchakaa, na dawa yake ilikuwa kununua globu nyingine. Taa ya LED haina uzi wa kukatika. Isipounguzwa kwa joto au kwa umeme uliozidi kipimo chake, inaweza kufanya kazi kwa makumi ya maelfu ya saa, muda ambao ni mrefu kuliko umri wa betri, swichi, springi na pengine hata gamba la tochi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza mbali na taa, unafuata njia ya umeme kiungo baada ya kiungo, na unaifikia taa baada ya vingine vyote kuonekana vizima.

Kwa wakaazi wa Unguja na Pemba ipo sababu nyengine ya kuanza na viungo vya chuma, nayo ni chumvi. Tochi ya mtu anayekwenda kuchokoa pweza usiku wa bamvua, au ya mvuvi wa dagaa anayefuata giza la mwezi, humwagikiwa na maji ya bahari waziwazi. Lakini hata ile inayoning'inia msumarini ndani ya nyumba ya Nungwi, Jambiani au Kojani hupuliziwa na upepo wa bahari, kaskazi na kusi, mwaka mzima. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuushikilia, na pale metali mbili tofauti, kama alumini na shaba, zinapogusana zikiwa na unyevu wa chumvi kati yao, mojawapo huliwa taratibu hadi mgusano wao unapotea. Tochi hiyo itaonekana nzima kwa nje, na ndani haitapitisha umeme hata kidogo.

Umeme unapita wapi

Asiyejua njia ya umeme atabahatisha tu, kwa hiyo ni vyema kuitazama kwanza. Tuchukue aina iliyoenea mno madukani: gamba la alumini lenye urefu wa kiganja, taa ndogo tisa mbele, kitufe cha mpira nyuma, na ndani yake kikopo cha plastiki kinachobeba betri tatu nyembamba za saizi ya AAA. Umeme hutoka ncha chanya ya kikopo, hugusa springi au kidoti cha chuma kilicho katikati ya bodi ya taa, hupita ndani ya taa, kisha hutokea ukingoni mwa bodi na kuingia kwenye gamba. Gamba lenyewe ndilo waya wa kurudia. Umeme hushuka nalo hadi kwenye kifuniko cha nyuma, huingia katika swichi, hupita springi ya nyuma, na kurudi ncha hasi ya betri. Ukihesabu kila mahali ambapo chuma kinagusa chuma kwa kukandamizwa tu, bila kulehemiwa, utakuta hapapungui kumi, na kimoja tu kikichafuka tochi nzima huzima.

Jambo moja huwapotosha wengi katika njia hii. Rangi nyeusi, ya buluu au nyekundu iliyo juu ya gamba la alumini haipitishi umeme, kwani ni tabaka gumu la oksaidi lililotiwa kiwandani. Ndiyo maana ukingo wa gamba, pale unapokutana na kifuniko, huachwa wazi ukionekana mweupe wa chuma. Ukingo huo mwembamba ndio mlango pekee wa umeme, nao ukishika uchafu hakuna mahali pengine ambapo umeme utapitia.

Vifaa

Kazi kubwa hufanyika kwa vitu vya nyumbani: kitambaa safi, mswaki wa zamani, vijiti vya pamba vya masikio, raba ya kufutia penseli, kipande cha msasa laini wa namba 400 au zaidi, siki kidogo au ndimu, spiriti, na waya mfupi uliomenywa ncha zote mbili. Ongeza betri mpya ambazo una hakika nazo, na betri bapa ya mviringo ya volti 3, ile inayotumika katika saa na mizani, ambayo ni kipimo bora cha taa za LED kuliko vifaa vingi vya bei. Mita ya umeme inasaidia sana lakini si lazima. Pasi ya kulehemu itahitajika tu iwapo utafika hatua za mwisho, na asiyekuwa nayo anaweza kuipeleka tochi kwa fundi wa simu au redio, Darajani, Mwanakwerekwe, Chake Chake au Wete, akiwa tayari anajua ni wapi palipoharibika.

Fanya kazi mchana, juu ya sinia au kitambaa cheupe, kwa sababu springi na vipete vya tochi ni vidogo na vina tabia ya kuruka.

Hatua ya kwanza: betri

Toa betri zote na uzitazame kabla ya kuzipima. Betri iliyovimba, iliyotoa maji au yenye unga mweupe kichwani haijaribiwi tena. Iondoe moja kwa moja. Kisha angalia mwelekeo wake. Globu ya zamani iliwaka hata betri zikiwekwa kinyume, kwani uzi wa globu haujali umeme unatoka upande gani, lakini LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Katika kikopo cha betri tatu, betri mbili hutazama upande mmoja na ya tatu upande wa pili, na ni rahisi mno kukosea usiku. Betri moja ikigeuzwa, volti zake 1.5 hutolewa badala ya kuongezwa, na badala ya volti 4.5 zinabaki 1.5, ambazo haziwezi kuiwasha LED nyeupe inayohitaji takriban volti 3. Kikopo chenyewe pia kina mbele na nyuma, na zipo tochi ambazo hukikubali kikiingizwa vyovyote.

Kinachofuata ni kuzipima. Betri mpya ya kawaida, iwe ya alkali au ya zinki na kaboni, husoma kati ya volti 1.5 na 1.6 kwenye mita. Lakini kipimo cha betri iliyolala hudanganya, hasa kwa betri za bei ndogo za zinki na kaboni, ambazo husoma 1.4 zikiwa hazina kazi na kuporomoka mara zinapobebeshwa mzigo, kwa sababu ukinzani wa ndani, yaani ugumu wa umeme kupita, umepanda. Kipimo cha kweli huchukuliwa betri ikiwa inafanya kazi. Ikiwa mita yako ina sehemu maalumu ya kupimia betri, itumie, kwani sehemu hiyo huipa betri mzigo mdogo. Ikiwa haina, iunge betri na rizista (kijipande cha kuzuia umeme) ya omu 10 kwa muda wa kusoma kipimo tu; omu ni kipimo cha ukinzani. Betri itakayoshuka chini ya volti 1.1 haifai tena kwa tochi, ingawa inaweza kuendesha saa ya ukutani kwa miezi kadhaa.

Asiye na mita abadilishe betri zote kwa pamoja na kutia mpya. Kuchanganya betri moja mpya na mbili kuukuu ni uchumi wa uongo: ile dhaifu huisha kabisa wakati zenzake bado zinasukuma, hulazimishwa kupitisha umeme kinyume na maumbile yake, na hiyo ndiyo itakayovuja. Baadhi ya watu hudondosha betri sakafuni kusikiliza inavyodunda. Kipimo hicho kina ukweli nusu. Zinki iliyo ndani ya betri ya alkali inapogeuka oksaidi huwa ngumu na betri hudunda zaidi, kwa hiyo mdundo unaonyesha kwamba betri imeshatumika, si kwamba imekwisha. Na kwa betri ya zinki na kaboni haufai kabisa. Ama mtindo wa kuanika betri juani, joto huichangamsha kwa dakika chache na kuiharakisha kuvuja, na tochi nyingi zilizooza ndani zimeozeshwa na betri zilizokwisha kuanikwa.

Ikiwa tochi ni ya kuchaji na betri yake inatoka, aghalabu itakuwa ya lithiamu ya namba 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hiyo husoma volti 4.2 ikijaa na karibu volti 3 ikikaribia kwisha. Ikisoma sifuri kabisa huenda kinga iliyomo ndani yake imekata umeme, na kuiweka kwenye chaja yake kwa muda mfupi huweza kuifungua. Lakini iliyoshuka chini ya volti 2.5 na kukaa hivyo kwa muda mrefu usiichaji tena, kwa sababu inaweza kupata moto ndani ya chaja.

Hatua ya pili: kusafisha viungo

Hatua hii ndiyo inayotibu tochi nyingi, nayo inataka subira kuliko ustadi. Kwanza tambua uchafu ulionao, kwa kuwa kila mmoja una dawa yake.

Chumvi ya bahari huonekana kama punje nyeupe zinazometameta kwenye hesi, yaani mikato ya kuzungushia kifuniko, na chini ya kitufe, nayo haiondoki kwa spiriti wala kwa mafuta. Inayeyuka kwa maji baridi matamu. Watu wengi huogopa maji na hukimbilia kupaka mafuta juu ya chumvi, na kwa kufanya hivyo huifungia ndani pamoja na unyevu wake ili iendelee kula chuma kwa utulivu. Ondoa betri, fungua kifuniko cha nyuma na kichwa, suuza gamba na ukingo wa kifuniko kwa maji ya kisima au ya mfereji yasiyo na chumvi, sugua hesi kwa mswaki, suuza tena, kisha futa na uache vikauke kivulini penye upepo. Bodi ya taa na swichi usizitumbukize. Zifute kwa kijiti cha pamba chenye maji kidogo, halafu kwa kijiti chenye spiriti, ambayo hubeba maji yaliyobaki na kukauka haraka.

Unga mweupe mgumu kuzunguka springi au vibati vya kikopo ni uchafu wa betri ya alkali iliyovuja. Asili yake ni hidroksidi ya potasiamu, ambayo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo usiukwaruze kwa kucha wala kuupuliza kwa mdomo. Chovya kijiti cha pamba katika siki au maji ya ndimu, gusa unga huo hadi uache kutoa povu, futa, kisha rudia kwa maji safi mara mbili tatu, kwani asidi ya ndimu ikibaki nayo hula chuma. Betri ya zinki na kaboni huvuja maji ya asidi kidogo yenye rangi ya kahawia. Kwa hayo ndimu haina kazi, na soda ya kuokea iliyoyeyushwa katika maji ndiyo inayofaa.

Uchafu wa tatu ni kutu: ya kijani juu ya shaba, nyekundu juu ya chuma, na wingu la kijivu juu ya alumini. Anza na raba ya kufutia penseli, ambayo husafisha bila kuchuna, na mara nyingi utaona kibati kikirudia mng'ao wake baada ya kusuguliwa kidogo. Msasa uwe wa mwisho na uwe mwepesi. Springi nyingi ni chuma kilichopakwa tabaka jembamba la nikeli, na atakayeisugua hadi tabaka hilo liishe atapata mwanga leo na kutu zaidi mwezi ujao. Ukingo mweupe wa gamba hauna tabaka la kulindwa, kwa hiyo huo unaweza kusuguliwa hadi ung'ae pande zote.

Ukimaliza, vuta springi zote nje kidogo kwa kibano ili zirudi kukandamiza barabara, hasa ikiwa tochi ilikuwa inawaka na kuzima inapotikiswa. Vibati vya ndani ya kikopo navyo hulegea. Viinue kwa ncha ya kisu. Funga, tia betri mpya na ujaribu.

Hatua ya tatu: kuiruka swichi

Iwapo tochi bado imezima, fanya jaribio ambalo huigawa tochi nzima nusu mbili. Tia betri ndani, ondoa kifuniko cha nyuma na ukiweke kando. Chukua ule waya mfupi, ncha yake moja iguse ncha hasi ya betri inayoonekana nyuma, na ncha nyengine iguse ukingo mweupe wa gamba, si sehemu yenye rangi. Kwa kufanya hivyo umeifanya kazi ya swichi kwa mkono wako. Taa ikiwaka, basi betri, gamba, bodi na LED ni vizima, na ubovu uko katika kifuniko cha nyuma. Isipowaka, kosa haliko katika kifuniko peke yake na macho yaelekee mbele. Kwa tochi ya betri ya lithiamu gusa kwa sekunde moja tu, na uhakikishe waya hauigusi ncha chanya, kwani betri hiyo hutoa umeme mwingi na waya utakuunguza vidole.

Mzee mmoja wa Kojani aliniletea tochi yake akisema, “Mwanangu, taa imekufa hiyo, nitafutie nyengine tu.” Hesi zilikuwa zimejaa punje za chumvi kiasi kwamba kifuniko kilitoka kwa koleo, na springi ya nyuma ilikuwa ya kijani juu hadi chini. Nilipougusisha waya gambani mwanga ulitoka mkali ukampiga usoni, naye akasogea nyuma akicheka. Swichi yake ilikuwa imeoza kabisa, na taa tisa zote zilikuwa hazina neno.

Hatua ya nne: swichi ya nyuma

Tazama ndani ya kifuniko. Utaona kipete cha chuma chenye vitundu au mikato miwili inayotazamana, ambacho ndicho kinachoibana swichi. Kipete hicho kwanza kikaze, kwa kuwa kulegea kwake peke yake kunatosha kuzima tochi: umeme hutoka swichini kwenda kwenye kifuniko kupitia hapo. Tia ncha za mkasi mwembamba au kibano katika mikato miwili na uzungushe upande wa saa. Ukitaka kukitoa, zungusha kinyume chake. Tochi za bei ndogo hazina kipete, bali swichi imeshindiliwa ndani. Hiyo husukumwa kutoka nje, kupitia kitufe cha mpira, kwa kijiti butu.

Swichi ikishatoka, iminye mara nyingi mfululizo. Ile iliyoganda kwa vumbi au kutu ndogo mara nyengine hufunguka kwa tone la spiriti lililoingizwa ubavuni na kuminywa hadi likauke. Mwenye mita aiweke kwenye kipimo cha ukinzani na aguse ncha mbili za swichi: ikiwashwa isome karibu na sifuri, na ikizimwa isisome kitu. Ikisoma omu tano, kumi au zaidi ikiwa imewashwa, basi hiyo ndiyo sababu ya mwanga hafifu uliokuwa ukilaumiwa kwa betri. Swichi mbovu haifai kutengenezwa kwa ndani. Springi yake ni ndogo na hairudi mahali pake kwa urahisi. Badilisha nzima, na njia nyepesi ya kuipata ni kutoa kutoka kwa tochi nyengine ya aina hiyo iliyokufa kichwa, kwani vifuniko vya tochi hizi huingiliana mara nyingi.

Hatua ya tano: kichwa cha tochi

Wachache watafika hapa. Fungua kichwa kwa kuzungusha. Kikigoma, kishike kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mkono usiteleze. Kabla ya kuigusa taa, kagua bodi kwa jicho: waya mwembamba uliokatika pale ulipolehemiwa, springi iliyong'oka katikati ya bodi, au ukingo wa bodi uliochafuka hata usigusane na gamba. Kulehemu kulikopasuka huonekana kama duara jembamba kuzunguka mguu wa taa, na dawa yake ni kuligusa kwa pasi ya moto hadi risasi ya kulehemia iyeyuke upya.

Sasa ndipo taa inapimwa. Chukua betri bapa ya volti 3, uguse upande wake wa chanya kwenye mguu chanya wa LED na upande wa hasi kwenye mguu wa pili. LED nzima itawaka, hata kama kwa unyonge. Isipowaka geuza betri, kwani ukikosea mwelekeo haitawaka na kwa volti 3 haitadhurika. Katika taa ndogo za mviringo za milimita 5, mguu hasi uko upande ambao ukingo wa plastiki umekatwa bapa, na ukichungulia ndani, kile kipande kikubwa ndicho cha hasi. Kwa LED bapa iliyo juu ya kibati cha alumini, alama za chanya na hasi huwa zimeandikwa kando ya vidoti vya kulehemia.

Katika tochi ya taa tisa, taa zote huunganishwa sambamba, kila moja ikiwa na njia yake ya umeme, hivyo moja au mbili zikifa nyengine huendelea kuwaka. Kwa maoni yangu tochi iliyobakiwa na taa saba iachwe ilivyo, maana kuifungua ni kuitafutia maradhi mapya. Zikizima zote tisa kwa wakati mmoja, kosa ni la njia, si la taa, isipokuwa mtu ameitia umeme usio wake. Hilo la mwisho hutokea: mtu huondoa kikopo cha AAA na kushindilia betri ya lithiamu iliyojaa. Volti 4.2 zinaonekana ndogo kuliko 4.5, lakini betri tatu nyembamba zina ukinzani wa ndani unaozuia mkondo, na tochi nyingi za aina hii hutegemea ukinzani huo badala ya kuwa na rizista ya maana. Lithiamu haina kizuizi hicho, na taa huwaka vizuri mno kwa siku chache kabla ya kuungua.

Kubadilisha taa moja ni kazi ndogo kwa mwenye pasi. Yeyusha risasi, vuta taa ya zamani, safisha matundu, tia mpya kwa mwelekeo uleule, na usiiache pasi mguuni zaidi ya sekunde tatu, kwa kuwa joto linaloiua LED ni hilohilo la kulehemu.

Tochi inayotumia betri moja ya AA ina bodi ndogo yenye koili, ambayo huipandisha volti 1.5 hadi kiwango cha LED. Kama betri na swichi ni nzima na LED inawaka kwa betri bapa, basi bodi hiyo ndiyo iliyokufa, na bei ya kuitafuta nyengine mara nyingi hukaribia bei ya tochi.

Tochi za kuchaji kwa umeme wa nyumba

Hapa naomba msomaji asome polepole. Tochi za plastiki zenye meno ya plagi yanayochomoza nyuma huchajiwa moja kwa moja kutoka volti 230, na nyingi hazina transfoma ndani, bali kapasita tu, kijipande kinachoweza kuhifadhi umeme, inayopunguza mkondo. Maana yake ni kwamba wakati imechomekwa ukutani, kila sehemu ya ndani yake, pamoja na ncha za betri na miguu ya LED, inaweza kukurusha kama umeshika waya wa ukutani. Usiifungue ikiwa imechomekwa, usiichaji ikiwa gamba limepasuka, na usimwache mtoto aichezee ikiwa chajini. Baada ya kuichomoa, subiri dakika chache kabla ya kuifungua, kisha unganisha meno mawili ya plagi kwa rizista kubwa au kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili kumaliza umeme uliobaki katika kapasita.

Ndani yake aghalabu mna betri ya risasi na asidi ya volti 4. Ugonjwa wake mkubwa ni kuachwa bila chaji. Ikikaa miezi ikiwa tupu, fuwele za salfeti huganda juu ya bamba zake na haipokei umeme tena: utaichaji usiku kucha, itasoma volti 4 asubuhi, na itazima ndani ya dakika moja ya kuwashwa. Hiyo ibadilishwe kwa ya aina hiyohiyo. Usikubali fundi akutilie betri ya lithiamu mahali pake, hata akikusifia vipi, kwa sababu chaja ile ya kapasita haijui kuacha betri inapojaa, na lithiamu iliyojazwa kupita kiasi huwaka moto.

Tochi zinazochajiwa kwa waya wa simu ni salama zaidi. Zikikataa kuchaji, mtuhumiwa wa kwanza ni tundu la waya, ambalo hujaa mchanga na kutu. Lisafishe kwa mswaki mkavu na spiriti, na ujaribu waya mwengine kabla ya kufungua chochote.

Kuirudisha na kuilinda

Ikishawaka, paka hesi na mpira wa duara uliopo kwenye kifuniko grisi ya silikoni, tabaka jembamba linalohisika tu kidoleni. Mafuta ya mgando yanafaa kwa dharura, lakini baadhi ya mipira huvimba kwayo na kifuniko kikawa kigumu kufungwa. Ukingo mweupe wa gamba uache mkavu. Tochi iliyopigwa na maji ya bahari isubiriwe hadi asubuhi tu, si hadi safari ijayo: ifutwe kwa kitambaa chenye maji matamu ikiwa imefungwa, ndipo ifunguliwe na kuanikwa. Ile inayowekwa kwa ajili ya siku umeme utakapokatika ikae bila betri ndani, na betri zikae kando yake katika mfuko mkavu, zikitazama upande mmoja. Na ile ya risasi ichajiwe kila mwezi hata kama haikutumika. Betri zilizokwisha zisitupwe baharini wala kwenye moto wa taka, na zile za lithiamu zizibwe ncha zake kwa utepe wa umeme kabla ya kuwekwa pamoja na nyengine.